Spika ya Kushoto

Idris Abdilatif alikuwa amechoka tangu Ramadhani ilipokwisha, na haukuwa uchovu ule wa kulala ukaamka umeondoka. Kila alfajiri alifungua bucha yake pale Majengo, mjini Embu, akapokea nyama kutoka machinjioni, akasimama mbele ya gogo mpaka adhuhuri, huku magoti yakimwambia mambo ambayo hakutaka kuyasikia. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Wanawe wote walikuwa Nairobi, na hakuna hata mmoja aliyetaka kushika shoka.

Kilichobaki cha kumfurahisha kilikuwa mashine zake za muziki. Si hizi za leo zinazowaka taa za rangi saba na kutikisa madirisha ya jirani. Zake zilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi ambazo kila kazi ilikuwa na kifaa chake: amplifaya peke yake, deki ya kaseti peke yake, ya kuchezea CD peke yake, ya kunasia stesheni peke yake. Alizikusanya moja moja. Hii aliipata kwa daktari aliyekuwa anahamia ng'ambo, ile kwa kanisa lililonunua mpya, na deki aliifuata mpaka Ruiri, kwa mfugaji aliyeifunika gunia bila kujua hata inafanya nini. Alipenda kitufe cha sauti kinavyozunguka kwa uzito, kama kimetiwa asali. Alipenda amplifaya ikiwashwa ikae kimya kwanza, kama mtu anayevuta pumzi, halafu ndani isikike tak! ndipo muziki uje.

"Hii hai-fai yako, Baba Saad," mkewe Rahema alikuwa akimwambia, "kwa kweli haifai."

Na alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana spika ilikuwa moja tu.

Miaka kumi na moja nyuma, hoteli moja ya mjini ilifungwa na vitu vyake vikapigwa mnada. Dalali aliuza chumba baada ya chumba. Idris alipata spika iliyokuwa ukumbi wa kulia chakula, ndefu ya kufika kiunoni, ya mbao nyekundu. Nyuma yake paliandikwa herufi ya upande wa kushoto. Akakimbilia baa kutafuta ya kulia, akamkuta mtu mrefu mwenye koti la mvua ameikumbatia kwa mikono miwili.

"Hiyo na yangu ni mapacha," Idris alimwambia. "Niuzie."

"Niuzie wewe yako," yule mtu akajibu.

Walipandishiana sauti mpaka dalali akaacha kazi akawatazama. Yule mtu aliitwa Nyamu, karani wa kiwanda cha kahawa upande wa Runyenjes. Mwishowe walipeana namba za simu, kila mmoja akiamini kuwa mwenzake atakata tamaa kabla mwezi haujaisha.

Hakuna aliyekata tamaa. Kila mwaka, baada ya Idi, Idris alipiga simu.

"Nyamu, umechoka?"

"Bado. Na wewe?"

"Bado."

Baada ya hapo wangezungumza saa nzima, mara kichwa cha deki kinasafishwa kwa spiriti gani, mara kwa nini mkanda wa kaseti unavutwa ukatoa sauti ya mlevi. Lakini kukutana hawakukutana, ingawa kutoka Embu mpaka Runyenjes si safari ya kumtoa mtu jasho. Idris hakutaka kwenda, asije akaonekana ameenda kubembeleza. Wala hakutaka kuweka spika nyingine kando ya ile yake. Spika mbili zisizo ndugu, alisema, ni ng'ombe na punda kwenye jembe moja. Kwa hiyo alisikiliza nusu ya kila wimbo. Magitaa yaliyorekodiwa upande wa kulia hakuyajua tena.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne, shoka lilimponyoka. Halikumkata. Lilipita karibu na kidole gumba likazama kwenye gogo, na mteja aliyekuwa akisubiri nusu kilo ya mbavu akapiga ukelele. Idris aliketi kwenye benchi la wateja. Alikaa pale muda mrefu, mikono ikiwa mapajani, na katika kukaa huko akaona mambo mengi aliyokuwa akiyashikilia kwa nguvu ambazo hana tena.

Jioni alimwambia Rahema, "Kesho kutwa naipeleka ile spika kwa Nyamu."

"Kuuza?"

"Kumpa."

Rahema aliweka sufuria chini, akamwendea, akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Jumamosi akakodi gari la Kivuti, dereva wa teksi pale mtaani. Waliifunga spika blanketi, wakailaza kiti cha nyuma kama mgonjwa. Hakupiga simu. Alijua akipiga, wataulizana kama wamechoka, na yeye hakuwa na hakika kama angeweza kujibu kweli. Walipita Runyenjes, wakashuka barabara ya udongo katikati ya mashamba ya kahawa, matope mekundu yakiruka mpaka kwenye vioo, wakafika boma lenye nyumba ya mawe.

Mke wa Nyamu, aliyeitwa Susan, ndiye aliyewapokea. Alipolisikia jina akashika mdomo. "Ndiwe Idris wa spika? Karibu, karibu sana! Sauti yako naijua, uso ndio sikuwahi kuuona."

Nyamu alitoka shambani na panga mkononi, amekonda kuliko siku ile ya mnada, nywele zote nyeupe. Aliona kilichokuwa ndani ya blanketi na uso wake ukasawijika.

"Mbona hukupiga simu?"

"Nimekuletea," Idris alisema. "Zikae pamoja. Sitaki kitu. Mimi nimechoka, Nyamu."

Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo njia nzima. Alitegemea mwenzake atacheka, au atamshika mkono, au hata atamringia kidogo, ashinde basi. Nyamu alitazama panga lake.

"Rudi nayo."

"Nirudi nayo?"

"Mimi siitaki. Rudi nayo nyumbani."

"Miaka kumi na moja unaniomba hii spika, leo nimeibeba mpaka mlangoni kwako, unasema huitaki?"

"Nimesema siitaki, Idris!"

Susan alimwambia mumewe neno moja kwa Kiembu, fupi na gumu. Kisha Susan akarudia kwa Kiswahili, ili mgeni naye asikie: "Mwonyeshe."

Sebuleni mashine za Nyamu zilipangwa vizuri kuliko za Idris mwenyewe, zimefutwa vumbi, zimefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Spika ya kulia ilisimama pembeni. Nyamu alipiga magoti mbele yake, akabandua kile kitambaa cheusi cha usoni. Nyuma yake palikuwa na shimo. Ile karatasi ngumu inayotoa sauti nzito ilikuwa imeliwa yote, na ndani ya sanduku mlibaki waya mmoja na kiota cha zamani cha panya, kikavu, kimechanganyika na maganda ya kahawa.

"Lini?" Idris aliuliza.

"Ule mwaka wa mnada. Haikumaliza miezi minane. Tulihifadhi magunia ya kahawa humu ndani, panya wakaja na magunia."

Idris alihesabu simu zote zile. "Ukanifanya mjinga miaka kumi."

"Uliponipigia mara ya kwanza nilitaka kukwambia. Nikaona aibu, nikasema mwaka ujao." Nyamu hakuinua macho. "Mwaka ujao ukafika, ukaanza kunieleza habari ya ule mkanda wa deki. Sasa hapa kijijini, mimi habari kama hizo nazungumza na nani?"

Hasira ilimpanda Idris ikafika kifuani, na hapo ikakosa nguvu ya kwenda mbele. Alitafuta kiti akaketi. Susan alileta chai na nduma za kuchemsha. Wakala, Kivuti naye akipuliza kikombe chake kana kwamba hajasikia lolote.

"Kwa hivyo huwa unasikiliza na nini?" Idris aliuliza mwishowe.

"Hivi vya masikioni."

"Miaka yote hiyo amevaa hivyo vitu," Susan alisema, "ukimwita mara tano, ya sita anakujibu kwa kelele kama uko ng'ambo ya mto."

Idris alicheka. Hakuwa amepanga kucheka. Akamwambia Kivuti amsaidie kuingiza ile spika, akaiunganisha yeye mwenyewe, magoti yakilia, na Nyamu akachagua kaseti ya rumba. Muziki ulipoingia chumbani Susan alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Alisimama nalo pale pale mpaka wimbo ukaisha. Nyamu alifuta macho kwa kiganja, akasingizia moshi wa jikoni.

Wakati wa kuondoka Nyamu alishika blanketi. "Na spika?"

"Iache. Sina mgongo wa kuirudisha."

Rahema alimwona akishuka garini na mfuko tu. "Umepata nini huko?"

"Nduma," Idris alisema, akaenda kulala.

Wiki iliyofuata alinunua kwa Kaimenyi, fundi wa redio karibu na stendi, spika mbili za kawaida, ndogo, zisizo na sifa yoyote. Ijumaa baada ya swala aliziunganisha, akaketi. Hazikuwa nzuri. Sauti nzito haikuwepo, na zile nyembamba zilikwaruza kidogo. Alisikiliza wimbo mmoja, akaanza wa pili, usingizi ukamchukua akiwa amekaa, na Rahema akapunguza sauti.

Mwezi wa sita Nyamu alikuja mjini kumpeleka Susan kliniki ya presha. Walipitia buchani. Susan alinunua kilo mbili, na Idris akamwongezea mifupa ya supu. Nyamu aliketi kwenye benchi akapumzisha miguu. Walizungumza habari ya mvua, iliyokatika mapema, na bei ya mbolea. Halafu wakaishiwa na maneno, wakakaa hivyo hivyo, wazee wawili, wakitazama watu wanaopita, mpaka Susan aliposema wamechelewa.