Kurunzi ya Koplo Chome

Ukitaka kumjua mtu mdogo aliyepewa kitu kikubwa, mtazame akitembea na kurunzi jua la saa sita. Hivyo ndivyo alivyokuwa Koplo Chome wa Kikoneni, mwaka wa pili wa Uhuru. Kurunzi yenyewe ilikuwa ya chuma kitupu, ndefu kama mchi, yenye kumeza mawe matano ya betri. Waliokuwa wakitawala waliwaachia askari wao, na ilikuwa imeshaanguka kisimani, imekanyagwa na gari, imepasua vichwa vya watu wazima, isibonyee hata kidogo. Chome hakuiacha, awe kazini au msalani. Watu walijiuliza, jua lote hili, huyu amulika nini?

"Kitendawili!" Bi Sidi aliwaambia wenziwe kisimani.

"Tega!"

"Ana jicho moja, hana kope, mchana kutwa yuko kazini na haoni kitu."

"Kurunzi ya Chome!"

"Mmekosa. Nipeni mji."

Wakampa Mombasa, akaikubali, akakaa nayo kidogo kama aliyeizaa. "Basi jibu ni Chome mwenyewe."

Ndoo ziliangushwa kwa kicheko. Lakini Bi Sidi alicheka huku moyo umemkaa juu. Alikuwa mjane. Marehemu mumewe, Mwinga, alimwachia minazi kumi na mmoja ya kugema. Shemeji yake Nzai alipanda asubuhi na jioni, naye akauza tembo, ile pombe ya mnazi. Maisha hayo yote yalining'inia kwenye karatasi moja, kibali. Kile cha zamani kilikuwa na muhuri wa Malkia, na serikali mpya ilisema kila mwenye kibali akifanye upya barazani, mbele ya Bwana D.O. wa Msambweni. Akikikosa, minazi ingebaki ya nazi za kupikia, naye angerudi kwa kaka zake, apewe pembe ya jiko na wake zao wamhesabie matonge.

Na aliyekuwa akitoa habari za wauzaji kwa Bwana D.O. ni nani? Ni huyo huyo Chome, bingwa wa kulaani tembo. Kila baraza alisimama kifua mbele: "Tembo ni adui wa taifa! Mimi tangu nizaliwe sijalitia kinywani!" Na kila wiki alipita kwa Bi Sidi kuchukua kibuyu kimoja cha ushahidi.

Asubuhi ya baraza akaja mapema. Nzai ndiyo kwanza ameshuka mnazini, tembo bado lina povu.

"Wewe mwanamke! Unauza asubuhi? Kibali chasema saa kumi jioni!"

"Namuuzia nani, baba? Hapa pana mimi, shemeji yangu na kuku."

"Usinijibu! Leta hicho kibuyu. Nakwenda kukimwaga, ndiyo sheria."

Akenda nyuma ya choo. Bi Sidi akachungulia penye pengo la makuti. Akamwona Koplo Chome anafungua kitako cha kurunzi. Jiwe hata moja hamna! Pale pa swichi na pale pa glopu amepaka nta ya nyuki. Akamimina tembo taratibu, bila kupoteza tone, kama muuza marashi, kisha akakaza kitako hata mishipa ya shingo ikamtoka, akajifuta masharubu.

Bi Sidi alitaka kupiga ukelele. Nzai akamshika mkono.

"Shemeji, nyamaza. Ukisema, nani atakuamini? Utaambiwa umemtukana askari." Kisha akauliza, "Amekaza sana?"

"Amekaza kama anafunga roho ya mtu."

Nzai akatabasamu. Mtoto yeyote wa mgema ajua kwamba tembo la asubuhi halifungwi. Huzibwa kwa makumbi ya nazi, lipate kupumua, kwa sababu bado linachemka lenyewe. Chupa iliyofungwa kwa kizibo hupasuka ingali darini. Siku zote Chome hulinywa njiani kabla halijakasirika. Leo zamu yake ilikuwa kusimama barazani mpaka Bwana D.O. aondoke. Na kurunzi ile ingalikuwa ya bati bovu, ingalivuja mapema ikamwokoa. Lakini ilikuwa madhubuti, maskini.

Bwana D.O. aliketi kivulini pa turubai, kijana mwenye soksi nyeupe hadi magotini. Koplo Chome alisimama juani, kurunzi kaipakata kifuani. Jina la Sidi binti Dzombo likaitwa.

"Huyu, Bwana, ni sugu," akasema Chome. "Leo leo nimemkuta na wanywaji sita, kabla ya saa mbili."

"Ushahidi?"

"Nimeumwaga, Bwana. Hata harufu yake sikuivumilia."

Bwana D.O. akachukua kalamu nyekundu. Bi Sidi akaiona ncha yake imekwisha kuelekea jina lake.

"Bibi, una neno?"

Neno alikuwa nalo, tena refu. Alianza kwa kumsalimu Bwana D.O., na mama wa Bwana D.O., na waliobaki nyumbani wote. Akaingia kwenye ukoo wa marehemu. Akaanza kutaja minazi mmoja mmoja, upi ulipandwa mwaka wa nzige, upi uliinama kwa upepo wa kusi.

"Bibi, fupisha."

"Nafupisha, mwanangu, nimebakisha minazi minne. Au nikutegee kitendawili, yawe yamekwisha?"

"Tega," likamponyoka Bwana D.O. kabla hajakumbuka cheo chake. Baraza zima likacheka.

"Kuku wangu hali mtama, hali pumba. Akishiba ndipo alie."

Bwana D.O. akakuna kidevu. "Ngoma?"

"La."

"Bunduki."

"La. Nipe mji."

"Nakupa Msambweni."

"Msambweni unakaa wewe, nikufukuze nikupeleke wapi? Nipe Nairobi."

"Haya, chukua Nairobi!"

Watu walipotulia na kicheko, ikasikika sauti nyembamba. Sss! Chome akaikumbatia kurunzi, akakohoa kwa nguvu. Sss! Akabandika kidole gumba penye swichi. Nta ilikuwa imeshalainika kwa jua na kwa jasho la kwapa. Ikaruka. Povu jeupe likatoka kwa mkupuo, likamlowesha kidevu, likateremka shati la kaki na kaptura iliyopigwa wanga, likachuruzika mpaka viatuni. Harufu ikaenea baraza zima.

"Huyo ndiye kuku wangu," akasema Bi Sidi.

"Ni... ni maji ya mawe, Bwana," akasema Chome. "Mawe yameoza."

"Mawe ya wapi yanayonukia hivi?" akaropoka mzee mmoja. "Nionyeshe duka nikanunue!"

"Fungua," akasema Bwana D.O.

Chome akafungua. Kitako kikaruka kama jiwe la manati, na tembo lililosalia likamwagika mezani. Bwana D.O. akanusa vidole vyake, akamtazama Bi Sidi kwa jicho la kutega. "Hili ni lako, Bibi?"

"Ni langu. Limeshuka mnazini leo asubuhi. Wanywaji sita aliosema siwajui. Mnywaji ni mmoja, huyo hapo, na kikombe chake ni hicho."

Bwana D.O. akaifunika kalamu nyekundu, akachukua nyeusi, akaandika, akapiga muhuri mpya wa ngao na simba wawili. Samahani hakuomba, wakubwa hawana neno hilo. Kurunzi akaitupa nyuma ya gari. Chome akaamriwa afike Msambweni jioni ile ile, na alipokamata mlango wa gari akaambiwa, "Wewe utatembea. Unanuka."

Basi njia ya Msambweni yapita kwa Bi Sidi. Mchana ule Chome alitokea, vumbi limegandamana na tembo shatini, nzi wakimsindikiza. Wanawake waliokuja kumpongeza Bi Sidi wakaziba pua. Karatasi yake ilikuwa pajani, hajachoka kuitazama.

"Mama," akasema Chome, "naomba maji."

Bi Sidi hakumnyima. Maji hanyimwi mtu. Akayachota kwa kata, akampa kwa mikono miwili, akasimama mbele yake.

"Kunywa, baba," akasema. "Lakini kunywa hapa hapa, nikuone. Usiyabebe."