Baisikeli ya Ukumbini

Siku daktari wa Dar es Salaam aliposema mguu wangu haukatwi, nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Kisha nikamtazama mume wangu Zahoro, aliyekuwa amesimama pale na kofia yake mkononi, nikamwambia kwamba kwa kuwa sasa sikatwi chochote, naweza kuanza kumgombeza.

Nilikuwa na haki. Mwanzoni mwa mwaka ule wa 1951 alinipakia kwenye karia ya baisikeli yake tukiteremka kutoka Kisarawe kwenda Pugu, na mteremko ule kila mtu anaujua. Mipira ya breki ilikuwa imelika zamani, naye badala ya kununua mingine alikata vipande vya soli ya kiatu kikuukuu akavibana pale pale. Katikati ya mteremko nilimsikia akisema, "Biubwa, shika sana." Yeye alitoka na mchubuko wa kiwiko. Mimi nilivunjika mfupa chini kidogo ya goti, nikafungwa plasta kutoka pajani mpaka kwenye vidole.

Plasta ilipokatwa, mfupa ulikuwa umeunga vizuri, lakini goti lilikuwa limesahau kazi yake. Mguu ulinyooka kama mchi. Nilitembea kwa fimbo, nikala nimeketi kitandani, na kuswali niliswali juu ya kiti. Hayo yote ningeyavumilia. Lililoninyima usingizi ni Sikudhani, binti yetu wa pekee, aliyeolewa Dutumi na kijana aitwaye Isihaka, na ambaye alikuwa na mimba ya kwanza.

Upande wa mama yangu, mwanamke anayezaa mara ya kwanza haachiwi mkunga peke yake. Mama yake hupiga magoti nyuma yake mkekani, akamkumbatia kiunoni, akambeba kwa kifua mpaka mtoto atoke. Mama yangu alinishika hivyo nilipomzaa Sikudhani, na mpaka leo nikifumba macho naisikia pumzi yake sikioni. Sikudhani alikuwa ajifungue kabla kipupwe hakijaisha. Nami nilikuwa na goti lisilokunjika.

Nilimwendea Matano, dresa wa zahanati ya jirani, mtu mrefu mwenye maneno machache. Akalishika goti, akalisukuma, nikapiga kelele.

"Halijafa," akasema. "Limelala tu. Linataka kuzungushwa kila siku, polepole, bila kubeba uzito wa mwili. Nyumbani kwenu si kuna baisikeli?"

"Bwana dresa, hiyo baisikeli ndiyo iliyonileta hapa!"

"Ndiyo itakayokutoa. Lakini haitakwenda popote."

Akamweleza Zahoro la kufanya, na Zahoro, aliyekuwa akitafuta mahali pa kuiweka aibu yake, akachonga fremu ya mbao nzito, akainyanyua baisikeli ukumbini, gurudumu la nyuma likabaki linaelea. Gurudumu la mbele alilifunga kamba kwenye nguzo ya nyumba. Ukipiga pedali, gurudumu linazunguka na wewe upo pale pale, unatazama ukuta.

Matano alikuja kuikagua. Akalipandisha tandiko juu kabisa, kwa sababu mtu akikaa juu goti hukunjika kidogo tu. Akachora alama za mkaa kwenye bomba la tandiko. "Kila goti likizoea, mnateremsha alama moja. Ukifika ile ya chini, utapiga magoti popote unapotaka. Na usishuke gurudumu linazunguka. Na siku ukihisi pedali zimekuwa nzito, usishindane nazo. Acha, uje uniambie."

Nikaitikia yote kama mtoto wa chuoni. Siku ile ile kanga yangu ikaliwa na mnyororo. Ilinivuta mpaka nikashika nguzo kwa mikono miwili, na mama mkwe wangu, Bi Mwanamkuu, akaikata kwa kisu cha muhogo huku akisoma kila dua aliyoijua. Kuanzia hapo nikawa navaa kaptula ya Zahoro, na Zahoro akakata debe akatengeneza kifuniko cha kuuzingira mnyororo wote, kikaacha kitundu kidogo tu juu. Majirani walisikia mlio wa baisikeli, wakaanza kuulizana kama tumefungua kinu cha kusaga. Mmoja alikuja na kikapu cha mahindi. Simtaji jina, yu hai.

Lakini goti liliamka. Lilikuwa likiuma, halafu likiuma kidogo, halafu likiwasha tu. Tandiko likateremka alama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bi Mwanamkuu hakutaka nikae peke yangu, akawa anahamishia kazi zake ukumbini: akipepeta, akichekecha unga wa muhogo, akinisimulia habari za watu waliokufa kabla sijazaliwa. Zahoro kila alfajiri alikagua kamba, akatikisa fremu, akakaza nati, akatazama breki ya baisikeli isiyokwenda popote. Nilimwambia kwamba bidii ile ingemfaa zaidi kule mteremkoni. Alicheka kwa unyonge, nami nikaanza kumsamehe.

Kisha kikaingia kipupwe. Huku kwetu juu ya vilima asubuhi huwa na ukungu, na watu hujifunika mpaka masikioni. Asubuhi moja nilipanda baisikeli nikakuta pedali zimekuwa nzito. Kesho yake zikawa nzito zaidi. Nilisukuma kwa nguvu, goti likavimba. Mchana palikuwa na nafuu kidogo, na kulipokucha tena hali ilirudi ile ile. Nikaamini baridi imeingia mfupani na goti linajifunga.

Nikalipandisha tandiko alama moja. Halafu nyingine. Hakuna anayejua jinsi inavyouma kukaza nati ya tandiko kwenda juu. Kwa Matano sikwenda. Niliogopa ataniambia kwamba basi, tulipofika ndipo mwisho wake. Nilimwambia kila mtu kwamba naendelea vizuri, kisha nikajifunika kanga na kulia, nikimfikiria Sikudhani kwenye mkeka akiwa ameegemea mto badala yangu.

Ikafika Ijumaa moja yenye baridi hasa. Nilitaka kupaka nywele mafuta, nikaichukua chupa ya mafuta ya nazi ya Bi Mwanamkuu, mafuta aliyoyapika mwenyewe na kuyaona bora kuliko dawa zote za hospitali. Nikaipindua. Hakikutoka kitu. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe.

"Mama, mafuta yako yameganda."

"Yaweke karibu na moto, mwanangu," akajibu kutoka jikoni. "Kipupwe hiki kibaya. Hata kwenye ule mnyororo wako siku hizi hayamiminiki, nayasukuma kwa kidole."

Nilisimama na chupa yake mkononi.

"Mnyororo upi, mama?"

"Si wa hilo libaisikeli lenu! Kila Ijumaa ukienda kuoga nalipaka mafuta, pale kwenye kitundu, na kule kati kwenye gurudumu. Kuna siku nilisikia linalia, nikalionea huruma. Nikasema, likilainika hili na goti la mkaza mwanangu litalainika."

Nilimwita Zahoro kwa sauti ambayo ilimfanya aje mbio akidhani nimeanguka. Nikamwambia afungue debe.

Zahoro alipolitoa lile debe, sote watatu tukainama kutazama. Mnyororo haukuonekana. Palikuwa na kitu kinene, cheupe kilichochanganyika na weusi, kimejaa kila pingili: mafuta ya nazi yaliyoganda, na unga wa muhogo uliokuwa ukipeperuka kwenye chekecheke wiki baada ya wiki. Akaweka kidole, kikatoka na tonge.

"Hapa," akasema taratibu, "mtu angeweza kukaanga vitumbua."

Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni. Nasema niliketi sakafuni, na sikutambua nimeketije mpaka Zahoro aliponyoosha kidole kwenye mguu wangu. Goti lilikuwa limekunjika. Si lote, lakini limekunjika, na halikuwa limeniomba ruhusa.

Kazi ikafanyika siku ile ile. Zahoro aliutoa mnyororo akaulaza kwenye bakuli la mafuta ya taa, akausugua kwa brashi. Akafungua kitovu cha gurudumu, akaosha gololi moja moja, akazifuta kwa kitambaa kikavu na kuzirudisha na grisi kidogo aliyoomba kwa fundi wa malori. Kisha akautia mnyororo mafuta ya cherehani, tone kwa tone, na yaliyozidi akayafuta, maana yakizidi hukamata vumbi. Alipomaliza alilisukuma gurudumu kwa mkono. Likazunguka, likazunguka, likaendelea kuzunguka sisi tukilitazama.

Nikapanda. Nilikuwa nimezoea kusukuma kwa nguvu zangu zote, basi pedali zikaniponyoka miguuni na nusura niruke juu ya usukani. Nyepesi! Nilijisikia nyepesi mimi mzima. Goti langu halikuwa limerudi nyuma hata kidogo. Wiki zote zile lilikuwa likivuta mzigo wa muhogo na nazi, na lilikuwa limepata nguvu kuliko la mguu mzima.

Bi Mwanamkuu alikuwa amejikunyata mlangoni na chupa yake. "Nilitaka upone upesi," akasema. "Nilitaka ufike kwa mjukuu."

Nilishuka, na nilingoja kwanza gurudumu lisimame, kama nilivyofundishwa, nikaenda kumkumbatia. Ningemkasirikia vipi mtu aliyetoa mafuta yake mazuri kwa chuma? Unga lakini ulihamia uani tangu siku ile.

Matano alipopata habari alinigombeza kwanza. "Nilikwambia ukiona uzito uje. Ungekuja siku ya kwanza, ningelifungua debe mimi." Kisha akageukia ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Akalishusha tandiko mwenyewe mpaka alama ya chini.

Isihaka alikuja kutuchukua wakati ukungu ulikuwa umeanza kupungua. Mkunga alikuwa amesema ni siku chache tu. Zahoro aliitoa baisikeli kwenye fremu, akairudishia miguu yake ardhini, akanunua mipira mipya ya breki na kunionyesha kabla sijamwuliza. Tukapanda garimoshi Pugu, baisikeli ikiwa kwenye behewa la mizigo, tukashuka Ruvu. Kutoka hapo nilikaa kwenye karia na Zahoro akaisukuma kwa mguu njia yote ya Dutumi. Penye kimteremko nilishuka mwenyewe. Kusamehe ni kusamehe, lakini shingo ni yangu.

Sikudhani alishikwa na uchungu kesho yake baada ya sala ya adhuhuri. Mkunga alitandika mkeka, akaitazama fimbo yangu, akautazama mguu wangu. "Mama wa mzazi, tukuwekee kiti?"

Sikudhani naye alinitazama. Macho yake niliyaelewa.

Niliiegemeza fimbo ukutani. Nikateremka nyuma ya mwanangu, goti zima kwanza, halafu lile jingine. Liliwaka moto, likasita mahali pale pale lilipozoea kusita, kisha likakubali. Likagusa mkeka. Nikamkumbatia kiunoni, nikaweka kifua changu mgongoni kwake na mdomo wangu karibu na sikio lake, na tukapumua pamoja.

Mtoto alikuwa wa kike, mwenye sauti. Mkunga akaniomba kitu cha kumpaka, nami nikafungua kifundo cha kanga nikatoa kichupa alichonipa Bi Mwanamkuu wakati wa kuondoka. Jua la Dutumi lilikuwa limeyayeyusha mafuta yote, safi kama maji. Tukampaka kutoka utosini mpaka vidoleni.

Sikudhani alikuwa bado ameniegemea. Alinyoosha mkono nyuma, akanipapasa mguu.

"Mama," akasema kwa sauti ya kuchoka, "goti lako?"

"Goti gani?" nikamwuliza.