Brashi Akwama Sebuleni

Fundi rangi mmoja, ambaye mtaani walishazoea kumwita Brashi, alikuwa na shingo iliyogoma. Miaka nenda rudi alikuwa juu ya ngazi, kichwa kimepinda nyuma, akipaka dari za watu, mpaka shingo ikakauka kama imepigwa plasta. Ukimwita kwa nyuma hageuzi kichwa; anageuka mzima mzima kama kabati. Shemeji yake, mdogo wa mkewe na mwenzake wa kazi, alikuwa akimwita hivyo makusudi, halafu anacheka peke yake.

Ikatokea wakapata kazi ya kupaka ukumbi mdogo ulio juu ya duka la viatu. Mwenye ukumbi alikuwa mwalimu wa yoga, mama wa makamo, mnene, mcheshi, asiye na haraka na jambo lolote. Mlangoni alitundika picha kubwa ya kijana aliyekaa sakafuni, mguu umepita nyuma ya shingo, naye anatabasamu kana kwamba anasubiri kuletewa chai. Brashi aliikodolea macho picha ile mpaka rangi ya rola ikamdondokea kiatuni.

"Mwalimu, hii inachukua muda gani kuijua?"

"Ipi?"

"Hii ya mguu shingoni."

Mwalimu akamtazama juu mpaka chini. "Njoo Jumamosi. Kwanza tukuone ukikaa chini."

Brashi akaenda, lakini mdomo wake ulikuwa umeshamtangulia. Kinyozi aliambiwa, muuza duka aliambiwa, na shemeji ndiye aliyeambiwa kupita wote. "Mwezi huu hauishi, shemeji. Utaniona najikuna mgongo kwa dole gumba la mguu." Kwa mkewe alitia chumvi zaidi: shingo itapona, kitambi kitakwisha, hasira zitamtoka, hata kukoroma ataacha.

"Na vyombo je?" mkewe akauliza, mikono imejaa povu. "Hiyo yoga inaosha vyombo?"

Darasani mambo yalikuwa mengine. Wenzake walipokunja miguu wakakaa, magoti ya Brashi yalibaki juu kama masikio ya sungura. Walipoambiwa wainame washike vidole vya miguu, mikono yake ilifika magotini ikatua hapo, haisogei mbele wala hairudi. Alichokiweza ni kile kitendo cha mwisho tu, cha kulala chali na kutulia. Alikiweza mno, mpaka mwalimu akalazimika kumwamsha.

Jumamosi zikapita, na vidole vya miguu vilikuwa mbali vilevile. Kila asubuhi wakikoroga rangi, shemeji anauliza kwa upole wa kuudhi, "Vipi, mguu umefika wapi? Bado uko njiani?" Brashi akachoka. Akaona mwalimu anamchelewesha. Dawa ni kujifundisha mwenyewe.

Jumapili moja mchana mkewe alitoka na watoto, nyumba ikabaki kimya. Brashi akavaa kaptura kuukuu, akakaa sebuleni kati ya kochi na meza, akauzungushia mguu wa kulia taulo, akapiga moyo konde, akavuta. Mguu ukapanda. Akavuta tena, akaingiza bega chini ya goti, kisigino kikafika sikioni. Furaha ilimjaa! Lakini kabla hajaimaliza akapinduka ubavu, nyonga ikakaza, na mguu ukakataa katakata kurudi ulikotoka. Kila akijaribu kujikwamua, bega linazidi kuzama. Simu ilikuwa mezani, karibu tu, lakini kwa mtu wa hali ile ilikuwa kama iko mji mwingine.

Hapo ndipo aliposikia mlangoni, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Brashi hajawahi kukaa mbele ya mama huyo hata na kifungo kimoja cha shati kilichofunguka. Hakuitikia hodi, akiomba aondoke zake. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Mama mkwe akaingia, nyuma yake shemeji kabeba kikapu.

"Mwanangu, umeanguka?"

"Hapana, mama," akajibu Brashi, kisigino sikioni. "Shikamoo."

"Marahaba. Unafanya nini huko chini?"

"Mazoezi, mama."

"Yamekwisha?"

"Yamegoma."

Shemeji akaweka kikapu chini, akaegemea ukuta, machozi yakimtiririka kwa kicheko. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa mkunga mstaafu, na kwake hii ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Akasogeza meza, akapiga goti.

"Nimeshawatoa waliokaa vibaya kuliko wewe," alisema. "Pumua. Usisukume. Nimesema usisukume! Na wewe acha kulia hapo, njoo ushike kisigino."

Wakamtoa, bega kwanza, kisha goti. Brashi akabaki amelala kwenye sakafu, hajui aanze na kushukuru au aanze na kuomba radhi.

Jumamosi iliyofuata alipanda ngazi za ukumbi akichechemea, amekusudia kuaga. Mama mkwe alifuatana naye. Alisema lazima amwone huyo mwalimu kwa macho yake.

"Wewe ndiye unayewafunga watu mafundo?" akamuuliza.

Mwalimu aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa. "Ile picha? Ilikuja na fremu, mama. Mimi nilipenda fremu. Mguu wangu mwenyewe haujawahi kufika huko, wala sijautuma."

Brashi akauliza, "Sasa yoga inasaidia nini?"

"Vitu vidogo. Hiyo shingo haitarudi ya ujana, nisikudanganye. Mwili utalegea kidogo, na kuna siku utaona hakuna kilicholegea. Hebu niambie, tangu uanze, hakuna kilichobadilika?"

Brashi akataka kusema hakuna. Kisha akafikiri, akaona aibu kidogo. "Fulana," akasema. "Zamani nilikuwa namwita mke wangu anivue. Siku hizi navua mwenyewe."

"Basi ndiyo hiyo."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Mimi naona si haba."

Brashi aliona si haba kweli, ingawa si jambo la kumsimulia kinyozi. Akaangua kicheko, ubavu ukamuuma, akacheka hivyohivyo. Hakuaga tena. Alipogeuka kutafuta mkeka, mama mkwe alikuwa ameshavua viatu, anauliza wanaoanza wanakaa wapi.

Kwa heshima, Brashi akaburuta mkeka wake mpaka mwisho kabisa wa ukumbi, karibu na dirisha, ili asimwone mkwewe akijinyoosha wala mkwewe asimwone yeye. Mwalimu akawaambia wote wageuke, watazame katikati ya ukumbi. Wakageuka, na watu wawili hao wakajikuta wanatazamana uso kwa uso kutoka pembe mbili za chumba.

"Mwanangu," mama mkwe akapaza sauti, darasa zima likisikia, "tumbo ndani."

Brashi akalivuta ndani, kadiri lilivyokubali.