Kibaraza cha Wavivu

Kwa zaidi ya miaka arobaini Nirupama aliomba wale wavivu waondoke mlangoni pake, na dua ilipokaribia kujibiwa, akatamani kuirudisha.

Nyumba yake ilikuwa katikati ya Kichochoro cha Haldar, kaskazini mwa Kolkata, na mbele yake palikuwa na kibaraza cha saruji nyekundu kilicholainishwa na makalio ya vizazi vitatu. Hapo ndipo wanaume wa mtaa walipoketi asubuhi na jioni, chai yao ikiwa kwenye vikombe vya udongo vya kunywea na kutupa, wakigombania mpira, siasa, na kama samaki wa ilish anafaa kutiwa haradali nyingi au kidogo. Marehemu mumewe, Bimalendu, alikuwa mmoja wao. Nirupama mwenyewe hakuwahi kukaa hapo. Mwanamke wa heshima hakai kibarazani. Kazi yake ilikuwa kufungua dirisha la juu na kuwamwagia maji aliyooshea mchele.

"Hamna wake nyinyi? Hamna kazi?"

"Wake tunao, shemeji, ndiyo maana tuko hapa!" alijibu Ponchu, rafiki mkubwa wa Bimalendu, huku akipangusa bega, na kibaraza kizima kikaangua kicheko.

Lakini wavivu hao walikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyewapa. Kila mgeni aliyetia mguu kichochoroni aliulizwa, "Unamtafuta nani?" Aliulizwa kwa upole, ila hakupita bila kujibu. Akitaja jina, alisindikizwa hadi mlangoni, na kabla hajabisha hodi mwenye nyumba alishajua kwamba kuna mtu amekuja na kapu la machungwa. Akibabaika, alirudi alikotoka. Si kwamba zamani wezi hawakuwapo. Keshto alikuwa mwizi, tena mzaliwa wa hapohapo, ila alikuwa na adabu zake: aliibia mitaa mingine. Nirupama alilala mchana mlango ukiwa wazi na vyombo vya shaba vikiwa uani, na hakujua kwamba ule ulikuwa utajiri.

Kisha wakaanza kupungua. Mmoja alikufa, mwingine akahamia kwa watoto Bangalore, Bimalendu naye akaenda zake mwishoni mwa msimu mmoja wa mvua. Nyumba mbili za jirani zikabomolewa yakapanda maghorofa, na maghorofa yakaja na kamera. Kibarazani akabaki Ponchu peke yake na kikombe chake kimoja, akibishana na gazeti.

Ndipo Tapati, mama wa ghorofa la kona, alipokwapuliwa mkufu shingoni mchana kweupe na vijana wawili wa pikipiki. Kamera iliona kila kitu. Mtaa mzima ukaangalia ile video mara kumi kumi, ukaisifu ilivyo safi, na kilichoonekana ni visogo viwili ndani ya kofia ngumu.

Jioni hiyohiyo Arko, mwanawe Nirupama, akapiga simu kutoka Bangalore.

"Mama, hicho kibaraza ndicho kinachowaita. Mtu anajikalia, anajifanya anapumzika, kumbe anapeleleza. Nimeshaongea na fundi. Alhamisi anakuja kukizungushia chuma kote, mpaka juu."

"Na Ponchu?"

"Ponchu ana kwao, Mama. Wewe si ndiye uliyekuwa ukimmwagia maji?"

Ni kweli Ponchu alikuwa na kwao. Alikuwa na nusu ya kitanda kwa mkaza mwanawe, ambako kila ufagio ulipopita aliambiwa anyanyue miguu. Nirupama alilijua hilo, na mtaa mzima ulilijua.

Alimwambia Ponchu habari ya vyuma asubuhi iliyofuata, kutoka dirishani, kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kushuka.

Ponchu akakunja gazeti lake. "Vizuri, shemeji," akasema. "Umeshinda. Na maji yako yatapona." Akatupa kikombe chake mtaroni, kikavunjika kama vinavyovunjika vyote, akaondoka. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Nirupama alifungua dirisha akiwa na sufuria ya maji ya mchele mkononi, akakuta hana wa kummwagia. Akasimama palepale, na machozi yakamtoka kwa hasira.

Alhamisi mchana, watu wamejilaza baada ya kula, akasikia pikipiki ikinguruma polepole chini. Akachungulia. Walikuwa vijana wawili, nyuso zimefungwa vitambaa, wanatazama mlango mmoja baada ya mwingine. Walifika mwisho wa kichochoro, wakageuza. Nirupama akasubiri sauti. Alisubiri kweli, maana masikio yalikuwa yameizoea tangu alipokuja hapo akiwa bibi harusi. Hakuna aliyeuliza. Kamera ilikuwa inatazama tu.

"Unamtafuta nani?"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, kali, imekwaruza koo.

Kijana wa nyuma akainua uso. "Ah, bibi... kwa Dasgupta."

"Dasgupta yupi? Hapa hakuna Dasgupta! Baba yako nani? Fungua uso nikuone!"

Dirisha la jirani likafunguka, kisha la pili. Pikipiki haikungoja la tatu.

Nirupama akashuka ngazi, akafungua mlango, akatazama kushoto na kulia kama mwizi, akakaa kibarazani. Saruji ilikuwa na joto la jua. Mguu ukapata kibonyeo kilichoachwa na visigino vya wavivu, nao ukatulia humo.

Fundi alipofika na mkokoteni wa vyuma, alimkuta kajitandaza na sari yake, pembeni kaweka sufuria ya maji.

"Unamtafuta nani?"

"Nimetumwa na mwanao, mama. Vyuma vimeshakatwa kwa kipimo cha hapa."

"Kavifunge madirishani."

"Madirishani havitaenea!"

"Basi mpelekee Arko huko Bangalore, ajifungie yeye. Mimi ndiye mwenye nyumba, na mimi nimekaa."

Fundi akaguna, akatazama sufuria, akageuza mkokoteni. Alipoondoka ndipo Nirupama alipomwona Ponchu kwenye kona ya ghorofa. Alikuwa amekuja kukiaga kibaraza, na sasa alisimama na gazeti kwapani, hajui asogee au arudi. Hakuwahi kuonekana mzee kiasi kile.

"Wewe hapo!" Nirupama akaita. "Unamtafuta nani?"

Mdomo ulimcheza Ponchu kwanza.

"Simtafuti mtu, shemeji," akasema. "Natafuta pa kukaa."

Nirupama akavuta sari yake, akasogea.