Kilemba cha Gunia

Ukiishika barabara ya Mtae, uliza genge lolote ni nani fundi wa lumbesa. Watakuelekeza kwa Tatu. Gunia la viazi likijaa mpaka mdomoni, debe sita, wengine huona limejaa. Kwa Tatu ndiyo kwanza kazi inaanza. Anasuka wavu wa kamba ya katani, anapanga viazi kimoja kimoja kama anayejenga ukuta wa mawe, anakaza kwa goti, anapandisha, mpaka juu ya gunia kinasimama kilemba cha debe mbili na nusu. Gari lipite kwenye mashimo namna gani, hakidondoki kiazi.

Kilemba hicho mnunuzi halipii. Analipa gunia moja kwa bei ya gunia moja, toka enzi na enzi. Na watu wa huku, badala ya kukasirika, walikuwa wakishindana: la nani refu leo? Wanaibiwa kwa mashindano, na mshindi anapigiwa makofi. Tatu alikuwa amepigiwa makofi miaka ishirini na miwili.

Usidhani alikuwa mjinga. Darasa la saba alifaulu, ila nafasi za sekondari zilikuwa mbili na zilikuwa na wenyewe. Hakusahau. Hakusahau hadithi za bibi yake juu ya matuta ya lazima, Mwingereza amesimama na fimbo, wanawake na mimba zao wanachimba mlima. Wala hakusahau siku mtaalamu mmoja alipoleta karatasi ya Kiingereza na kijiji kizima kikatia dole gumba bila kujua kinakubali nini. Jioni ile alijiapia: lugha hii wanayotufichia mambo, nitaijua.

Ndipo akaanza kwenda kwa Danieli, mwalimu mstaafu, Mlutheri mpole anayeishi jirani na kanisa. Kila Alhamisi alimpelekea maharage, naye alimpa maneno matatu kutoka kamusi kuukuu iliyopoteza jalada.

"Shikamoo Mwalimu. Leo nataka neno moja tu. La pesa ya dhuluma. La kumtupia Kristofa usoni."

Kristofa ndiye mnunuzi wa viazi, kijana wa Korogwe mwenye Fuso na maneno matamu.

"Marahaba. Si useme tu chumo la haramu?"

"Hilo amelizoea. Analicheka. Nataka ambalo hajawahi kulisikia."

Mwalimu akafunua kurasa, akalamba kidole, akafunua tena. "Hili hapa. Pelf. Ni mali au fedha, hasa iliyopatikana kwa njia chafu. Linatamkwa kwa dharau. Ila limezeeka, Tatu. Hata Waingereza wenyewe wamelisahau."

"Mwizi ndiye husahau haraka, Mwalimu. Aliyeibiwa hasahau."

Alilibeba neno lile njia nzima, akilitafuna kama muwa. Pelf. Fupi, kama mtu anayetema. Alitembea kifua mbele. Mtoto wa mlimani, wa darasa la saba, ana neno ambalo Mwingereza ameliangusha njiani!

Ijumaa asubuhi Fuso likafika gengeni. Magunia ya kwanza yalikuwa ya Esta, jirani yake, mjane. Tatu akashona yote saba kwa ufundi wake, vibarua wakayapandisha garini. Alijiambia: nimalize kazi ya Esta kwanza, halafu nilipue.

"Mama, mikono yako wewe ingekuwa Ulaya ingekatiwa bima," Kristofa akasema, akamshika mkono na kumwachia noti, kama kila mara. Elfu mbili kwa kila gunia. Asante ya kilemba.

Tatu akazifunga kwenye pindo la khanga. Akavuta pumzi, akafungua mdomo alirushe lile neno. Halikutoka.

Pindo lilikuwa zito. Elfu kumi na nne. Zilitoka wapi? Zilitoka kwenye viazi vya Esta, vile vya juu visivyolipiwa. Kristofa alichukua vilemba, akamrudishia fundi makombo. Miaka ishirini na miwili amekuwa akikunja pelf kwenye khanga, akinunulia sabuni na chumvi. Neno alilokwenda kulitafuta kwa ajili ya mtu mwingine lilikuwa limemtangulia nyumbani.

Aibu ilimpanda, ikafika shingoni, na hapo ikageuka hasira, hasira njema, ya mtu aliyeona.

Akafungua pindo, akaziweka noti zote mapajani mwa Esta.

"Za nini hizi?"

"Zako. Nilikuwa nakuibia. Sikujua, lakini nilikuwa nakuibia."

Kisha akamgeukia mnunuzi. "Kristofa, hii ni pelf."

"Ni nini hiyo? Dawa mpya ya ukungu?" Watu wakacheka.

"Ndiyo, ya ukungu ulio machoni petu. Ni pesa chafu kwa Kiingereza cha kikongwe. Yako na yangu. Mimi yangu nimeirudisha. Kuanzia leo nashona mdomoni mwa gunia, debe sita, basi."

Kicheko kikafa. Kristofa akatabasamu kwa upande mmoja. "Sawa, mama. Basi mimi nashukia Mlalo. Viazi si huku tu. Nyie vyenu vitaotea hapa."

Alisema kweli, na kila mtu alijua. Mvua zilikuwa zinanyemelea, barabara ikiloa hakuna Fuso linalopanda. Tatu aliwaona wakimtazama yeye, si Kristofa. Akajua wakimwacha peke yake, jina lake limekwisha kijijini.

Esta akainuka taratibu, noti mkononi. "Nenda baba. Ila nishushie kwanza magunia yangu saba."

"Na yangu manne hayapandi," mwingine akasema.

"Yangu usiyaguse kabisa!"

Kristofa akatazama gari lake karibu tupu, akatazama saa. Mafuta ya kupanda ameshachoma, na sokoni Dar wanamsubiri alfajiri. Akapiga teke tairi.

"Haya! Mdomoni. Leo tu."

"Leo tumeanza," Tatu akamjibu.

Vilemba vikafumuliwa. Magunia aliyoyashona Tatu yalisimama mafupi, bapa, kama watu walionyolewa, na hakuna aliyemcheka. Pembeni viazi vilivyoshushwa kutoka vichwa vile saba vikarundikwa: karibu magunia matatu mazima, yaliyokuwa yakiondoka bure kila msimu. Esta alivizunguka mara mbili, kiganja mdomoni.

Tatu akachukua gunia jipya, akaanza kujaza. Shingo yake ilikuwa imenyooka kuliko siku zote za makofi.

"Kristofa, usiondoke. Yanakuja mengine ya Esta. Bei ile ile."