Upande wa Pili wa Shuka

Asiyewahi kulisha mashine ya kunyoosha mashuka asijifanye anajua joto. Mashine yenyewe ina rola mbili nene kama mapipa, ndefu kuliko kitanda cha watu wawili, na moto wake hauzimwi kuanzia asubuhi hadi jioni. Wanawake wawili wanasimama mbele yake. Mmoja anashika pembe ya kushoto ya shuka, mwenzake ya kulia, wanalikung'uta, wanalivuta likaze, wanalisogeza kwenye rola, na rola zinalimeza. Halafu linakuja jingine. Pale mbele kuna ubao mwembamba ambao ukiguswa na vidole mashine inasimama yenyewe. Bosi alikuwa ameamuru ubao huo ufungwe juu kwa kipande cha shuka kuukuu, maana uliguswa ovyo na kila mara kazi ikalala. Basi vidole vya watu vikabaki kuchungwa na wenyewe.

Kushoto alisimama Domo, kulia alisimama Bonge. Domo alipata jina hilo kwa haki, kwa sababu hajawahi kuwa na neno akalimeza. Bonge naye aliitwa Bonge tangu shuleni, alipokuwa na mashavu ya kuvutavuta na mapaja ya kupasua sketi. Siku hizi ukimwita jina hilo mbele ya mgeni, mgeni anageuka kumtafuta huyo Bonge yuko wapi. Unga wa kulevya ulikuwa umemla akabaki mifupa na macho, ila jina la mtaani likishakukaa huwezi kulivua.

Na huo unga haukumwingia kwa miujiza. Aliungua mkono hapohapo kazini, akawa halali kwa maumivu, na jamaa mmoja aliyekuwa akisema anampenda akamletea kitu cha kutuliza. Kikamtuliza kweli. Kidonda kikapona, yeye asipone. Domo alimchukia yule jamaa kupita kiasi, na siku alipoambiwa kwamba amekutwa amekufa kwenye chumba cha gesti alisema, "Kachelewa," akaendelea kula.

Shida ya Bonge kazini ilikuwa kusinzia. Akishapata chake cha asubuhi anachapa kazi vizuri, hata anaimba, halafu ghafla macho yanazimika, kichwa kinashuka polepole, mikono bado imeng'ang'ania pembe ya shuka. Shuka linakwenda kwenye rola na mikono inakwenda nalo. Domo alikuwa amejifunza kuisikia hali hiyo kwenye kitambaa, bila hata kumtazama: upande wa pili unakuwa mzito. Hapo anavuta kwa nguvu, mara moja, Bonge anazinduka na kuachia. Jambo hilo hawakuwahi kulizungumza. Wenzao walidhani ni Domo tu na papara zake.

Kwa nini hakusema? Kwa sababu bosi hakuwa na mchezo na mateja. Angemtimua siku hiyohiyo, na waliotimuliwa Domo alikuwa akiwaona kila siku kwenye kichochoro cha nyuma ya soko, wamelala juu ya maboksi, wengine aliwahi kula nao sahani moja. Maadamu Bonge ana zamu ya kuiwahi, anaoga, anachana nywele, anakuja. Akiikosa zamu atahamia kule. Ilikuwa mkono wake au kazi yake, na Domo alishaamua kwamba hakitapotea hata kimoja ilimradi yeye ndiye anayevuta. Alikonda kwa wasiwasi huo, ingawa ungemwambia amekonda angekutukana.

Mpaka Bonge alipoiba mtungi wa gesi.

Ulikuwa wa mama yake Domo, yule mama ambaye Bonge alikulia kwenye ukumbi wake tangu alipofiwa na mama mzazi, aliyemsuka nywele na kumchapa pale alipostahili. Bonge aliingia mchana kweupe, mama kajilaza kwa homa chumbani, akachomoa mpira wa jiko, akaupandisha mtungi begani. Jirani alipomkuta mlangoni akamwambia anakwenda kumjazia mama gesi. Jirani akamwombea heri, eti watoto wenye huruma hivi siku hizi ni wachache.

Mama hakupiga kelele. "Yule si mwanangu tena," alimwambia Domo. "Na wewe ukitaka kuendelea kumlea, kamlee na nguo zako huko."

Kesho yake Domo alifika kazini amefura. Alimkuta Bonge kwenye makabati anavaa aproni.

"Mtungi uko wapi?"

"Mtungi gani?"

"Bonge, usinichezee. Nitakuzaba kofi hapa uokote meno."

"Nitaurudisha, shoga. Nilikuwa vibaya. Wewe hujui arosto, hujawahi kuukosa unga ukasikia mifupa inasagwa ukiwa hai."

"Na mama yangu apikie nini? Mifupa yako?"

Bonge akacheka. Pengine kicheko kilimtoka tu, kwa jinsi swali lilivyokaa, na zamani wangecheka wote wawili mpaka wakashikana mabega. Lakini Domo alikitazama kile kicheko, meno yaliyooza na midomo iliyokauka, akasikia kinyaa. Akaenda moja kwa moja kwa bosi.

"Nihamishe. Nipeleke kufua, kusuuza, popote. Sitaki kushika shuka na yule."

Bosi alikuwa mwanamke mfupi, na alichopungukiwa kwa kimo alikifidia kwa sauti. "Mmegombea mwanamume?"

"Ndiyo," alisema Domo, maana lilikuwa jibu jepesi.

Akapelekwa kwenye mashine za kufulia, ukutani kabisa upande wa pili wa ukumbi. Mahali pake aliwekwa Wifi. Huyu alikuwa mke wa kaka yake bosi, hajamaliza hata wiki kazini, na kwa kuwa bosi alimwita wifi, ukumbi mzima nao ukamwita hivyohivyo. Wifi aliiogopa ile mashine vibaya mno. Alitazama pembe yake tu, hakuthubutu kupepesa jicho upande wa mwenzake.

Domo akapakia mashuka mabichi kwenye toroli. Aungue, alijisemea. Aungue ashike adabu, labda moto utamfundisha kilichowashinda watu. Alilirudia neno hilo na kila aliporudia alijisikia vibaya zaidi, na akazidi kukasirika kwa kujisikia vibaya, kwa sababu mwizi ni Bonge na anayetokwa jasho la aibu ni yeye. Ilipokaribia saa ya chai alikuwa hafui tena. Alisimama na shuka mkononi, linamchuruzikia maji miguuni, anachungulia kwenye mvuke.

Akaona kichwa cha Bonge kinashuka.

Alitupa shuka akakimbia, akampiga kikumbo mtu, akafika ukutani na kukibamiza kitufe chekundu. Rola zikasimama. Bonge akainua uso, macho makavu, yuko macho kuliko mlinzi. Alikuwa ameinama kujikuna goti. Mateja wanajikuna sana, na Domo alilijua hilo.

Sasa rola za moto zikisimama na shuka ndani yake, shuka linaungua. Harufu ilianza kabla bosi hajafika.

"Nani amezima?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Domo akafungua kinywa. Wote walimtazama, wakisubiri mkondo wa maneno waliouzoea. Akamwona Bonge anavyoikamata aproni yake kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza maishani akayameza maneno yake. Akisema, huyu jioni yuko kichochoroni. Akafumba kinywa.

Bonge ndiye aliyesema. "Bosi, huyu tangu asubuhi hayuko sawa. Muangalieni macho. Mimi naona labda amebwia."

Alilisema bila kupepesa. Mtu uliyemkinga miezi yote hiyo anakutupia uchafu wake mbele za watu, kisha anakutazama kama humjui!

"Mashuka ya hospitali hayo," alisema bosi. "Umeyapiga rangi ya chai. Vua aproni, nenda."

"Kumbe mtu anaweza kubwia unga na kumwaga unga wa kazi siku moja," alisema mmoja kutoka kwenye meza za kukunjia, na wenzake wakaangua kicheko. Domo akaivua aproni na kuiacha sakafuni.

Nje, ukuta wa ukumbi ulipakana na barabara, na nyuma ya mashine ya kunyoosha kulikuwa na dirisha la juu lililoachwa wazi kutoa mvuke. Domo alipofika chini ya dirisha hilo ndipo sauti yake ilipomrudia, yote kwa mpigo.

"Bonge! Mwizi wa mitungi! Umekonda mpaka ukisimama pembeni bosi anakuandika hujafika!"

Halafu kutoka juu: "Nenda kwenu! Hilo domo lako lori linageuza humo ndani!"

"Uliogea nini leo, maji au makohozi?"

"Nilioga jasho la mama yako!"

Ndani wanawake walikuwa wanacheka. Domo alitukana kwa hasira halisi, wala hakuwa na mpango wowote. Ila baada ya majibizano kadhaa akagundua jambo. Anayejibu matusi hajalala. Basi akazidisha. Alitukana nywele, akatukana kucha, akatukana wanaume wote waliowahi kumpa Bonge soda, na kila tusi lilirudi likiwa na moto, na kila liliporudi Domo alipumua.

Mlinzi akaja na fimbo yake. "Dada, ondoka hapa."

"Nimesimama barabarani. Barabara ni ya mjomba wako?"

"Unasumbua watu wanafanya kazi."

"Nisumbue vizuri basi. Bonge! Umesikia? Hata mlinzi anaona aibu kukufahamu!"

Dirisha likakaa kimya.

"Bonge! We teke la punda! Nijibu!"

Mashine ilinguruma. Domo akatafuta kichwani kitu ambacho hakuna mtu asiyekijibu. Kilikuwepo kimoja tu, kidonda ambacho hawajawahi kutoneshana hata walipokuwa watoto.

"Mama yako alikufa kwa aibu ya kukuzaa!"

Hakuna kitu. Hata kicheko cha wanawake kilikatika. Hapo Domo akajua, kama vile ameishika pembe ya shuka mwenyewe.

"Wifi!" alipiga ukelele mpaka sauti ikapasuka. "Vuta shuka! Vuta kwako! Amelala huyo, teja huyo, vuta!"

Wifi, kwa woga wake, alivuta kwa nguvu zote alizojaliwa. Shuka likaruka, Bonge akaanguka kando juu ya kapu la foronya, vidole vyake vikiwa vimebabuka nchani tu. Domo hakuyaona hayo. Alichosikia ni kishindo, kelele, mashine kuzimwa, na sauti ya Wifi, ambaye hakuna aliyejua kwamba ana sauti.

"Mimi sishiki shuka na teja! Hata mkinirudisha kwetu leo!"

Bosi akamwita mwingine aje ashike. Naye akakataa. Wa tatu akasema ana watoto na anaitaka mikono yake. Hakuna aliyemwonea Bonge huruma, wala aliyemwuliza ameumia wapi. Wote walirudi nyuma kumpisha, na bosi akamwambia neno lilelile alilomwambia Domo: vua aproni.

Bonge alitoka getini kichwa wazi. Kitu cha kwanza Domo alichotazama kilikuwa mikono yake. Ilikuwa mizima. Cha pili hakukitazama, kwa sababu kofi la Bonge lilikuwa limeshampata usoni.

"Ulisema!"

"Nilisema."

"Miezi yote umenyamaza, ukaja kusema leo!"

"Ulikuwa unaungua, mjinga wewe!"

"Ungeniacha niungue! Ningebaki na mkono mmoja na kazi!"

"Kazi gani ya mkono mmoja kule ndani? Eh? Kazi gani?"

Bonge akampiga tena, kwa mkono wa pili, na Domo akarudisha, ngumi ya kifua iliyokutana na mifupa mitupu. Wakashikana. Mlinzi alijitia hamnazo, anatazama upande wa pili wa barabara. Walipigana bila ufundi, wanalia wote wawili, mpaka Bonge akaishiwa pumzi akakaa kwenye ukingo wa mtaro, vidole vyake vinatoka malengelenge. Domo akainama kuvitazama. Bonge akavificha kwapani.

"Mimi na wewe basi," alisema Bonge. "Usinijue."

"Nilikuwa nakujua? Mwizi wewe."

Bonge akainuka, akajikung'uta, akashika njia ya sokoni. Domo alijua fika anakwenda wapi. Yeye mwenyewe hakuwa na kazi, nyumbani hakukuwa na gesi, mdomo ulikuwa umevimba, na mama yake alikuwa amemwonya. Njia ya kwao ilikuwa upande mwingine. Alisimama akiitazama. Halafu akageuka na kumfuata Bonge nyuma, mbali kidogo, akimtukana kwa sauti ya barabara nzima, na watu wakitoka madukani kutazama.

Bonge aligeuka akamjibu. Alijibu kwenye maduka ya nguo, akajibu tena kwenye vibanda vya simu, matusi mazito, ya mtu aliye macho, na Domo alizidi kumpa mengine. Walipofika kwenye kona ya soko, pale kichochoro kinapoanzia, Bonge akaacha kujibu.

Domo akapaza sauti.