Miguu Minne Niliyobakiziwa

Baba alipofariki alituachia farasi mmoja, nasi tuko watatu. Mwanzoni kila mtu alimtaka. Kisha bei ya majani makavu ikapanda, pumba nayo ikafuata, daktari wa mifugo akawa hashuki kwenye gari mpaka umlipe kwanza, na ghafla kaka yangu akakumbuka kwamba kiuno kinamuuma, hawezi kupanda.

Kaka akasema tumgawane, kila mmoja agharamie sehemu yake. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nikaitwa nije na chaki yangu na futi ya kupimia, nikampima yule mnyama kama ninayemkatia suti ya harusi. Kaka alichukua kichwa na shingo, maana anapenda kuonekana. Mdogo wetu akachukua mgongo na tumbo hadi mkiani. Miguu ikabaki, na kwenye kazi yetu kinachobaki mezani ni cha fundi. Nilicheka nao, mjinga mimi! Tangu utotoni nilitaka kitu kimoja tu, kumpanda farasi wa Baba, naye akiniambia subiri ukue. Sasa nimekua, nina watoto wawili, na nimepata kwato.

Balaa lilianza na viatu. Vinne vya chuma, kila baada ya wiki sita, na bei yake inatoa machozi. Nikaomba angalau nipande kidogo. Mdogo wangu akasema mgongo ni wake, nikate tiketi. Haya. Nami nikatangaza kwamba miguu yangu haitembei bure. Basi kila Jumamosi mdogo akawa anakaa juu ya farasi aliyesimama tuli, anatazama ukuta saa nzima. Hatamu hakuwa nazo, kwa sababu hatamu hufungwa kichwani, na kaka alikuwa hataki mchezo na kichwa chake.

Kaka naye akaacha kununua chakula. Alisema mdomo ni wake, kweli, lakini mdomo unaonja tu, anayeshiba ni tumbo. Mdogo akajibu kwamba tumbo lake halina meno. Wakabishana wiki mbili kama mawakili, huku mbavu za farasi zikianza kuhesabika. Niliumia jamani.

"Nipe hicho kichwa," nilimwambia kaka. "Nitamlisha mimi."

Alinipa kabla sijafunga mdomo. Mdogo alijikaza kidogo, hadi farasi alipoharisha. Siku hiyohiyo akaniletea sehemu zake zote, pamoja na ndoo.

Nikawa na farasi mzima. Nikashona sare za shule, mapazia, mashuka ya hospitali; nikashona huku nakula, nikashona na homa. Farasi akanenepa, manyoya yakang'aa. Sketi zangu nilizipunguza kiunoni mara tatu. Miezi minane sikupata hata dakika kumi za kumpanda.

Jumapili moja nikasema liwalo na liwe, nikafunga duka langu la kushonea hapo nyumbani. Nikavaa suruali mpya niliyojishonea, nikakanyaga kiti, nikakaa juu yake. Mgongo ulikuwa mpana, wenye joto. Nililia, sioni haya kusema. Nikamwinamia shingoni nimshike vizuri kabla ya kumwambia twende.

Nilizinduka usingizini jua limehamia upande wa pili. Farasi hakuwa amesogea hata hatua moja, mate yangu yamemkaukia shingoni, na mteja amesimama getini na kitambaa chake, ananiuliza kama nimeshafungua.